Hesabu Bila Kushika Mkono

Kuopio, Februari. Theluji imefika usawa wa madirisha.
Nimefungwa kilemba cha bandeji,
na nyaya kumi na mbili zimeingia kichwani mwangu
kupitia matundu membamba kama ya sindano ya magunia.
Haziumi. Ubongo una vituko:
kidole gumba kikijikwaa, ndio unaopiga mayowe;
wenyewe ukichokonolewa, kimya.

Kijana Oula, msaidizi wa daktari, amevaa soksi za sufu
zisizofanana. Ananiambia:
"Mama Hilkka, usishike mkono, usishike shingo.
Tulia, uhesabu mapigo ya moyo wako
kwa kuyasikia tu, kutoka ndani."

Nikacheka. Miaka hamsini na mitatu nimekaa na moyo huu
kama jirani wa ghorofa ya chini:
najua yupo, tunachangia bili ya maji,
sijawahi kumpigia hodi.

Filimbi. Nahesabu. Filimbi tena.
"Ngapi?"
"Thelathini na moja."
Anaandika, hasemi kitu. Lakini nimeiona skrini
iking'aa kwenye kioo cha dirisha, namba kinyumenyume:
arubaini na nne.
Kumi na matatu yamepita mlangoni mwangu
na sikusikia hata kishindo.

Mimi ni mwokaji. Mkate mweusi, samaki ndani yake,
niliuuza sokoni mpaka asubuhi niliyozinduka sakafuni
na ngozi ya mkono imebaki kwenye mlango wa tanuri.
Tangu hapo moto huwasha binti yangu. Mimi nakanda tu.
Kwa hiyo wakiniuliza kifafa hunijiaje,
sihangaiki na maneno ya vitabuni:
huumuka.
Chini ya kitovu, kama unga uliotiwa hamira,
polepole hadi kifuani, polepole hadi kooni,
na ukifika kooni mimi sipo tena.

Daktari Sorvari alinichorea nyuma ya bahasha:
"Hapa, ndani ya mkunjo, pana sehemu tunayoiita kisiwa.
Habari za moyo, utumbo, pumzi, kibofu, hutua hapo.
Tunataka kujua barua zikifika, nani huzisoma."

Siku ya nne. Saa kumi na moja, giza tayari.
Ishirini na sita, ishirini na saba,
na ghafla moyo upo.
Si wa jirani. Upo kwenye fizi, kwenye kope, chini ya kucha,
kila pigo limekuja na uso wake.
"Arubaini na tisa," nasema, filimbi haijanyamaza.
Oula anatazama skrini. Ananitazama mimi.
Arubaini na tisa.

Halafu unga ukaanza kuumuka.

Dakika moja na nusu, waliniambia.
Nilizinduka na ladha ya damu ulimini,
Oula amepiga magoti kitandani, kakumbatia kilemba changu
kama mtu aliyebeba yai.
Neno langu la kwanza: "Nilipata, sivyo?"

Daktari hakunipa zawadi.
"Mtu mmoja, mara moja. Huenda ni bahati,
huenda ni moto wenyewe, ulikuwa umeshashika. Tutapima tena."
Nilimpenda kwa hilo.

Sasa wanajadili kukichoma kile kipande,
ukubwa wake punje ya dengu.
Mimi na kuungua tunajuana.
Nimeuliza tu: kikiondoka, nani ataniambia nina njaa?
Nani atanikamata tumbo
binti akichelewa na barabara ni barafu tupu?
"Upande wa pili utakuwepo," akasema.
"Pengine hutaona tofauti."
Pengine.

Usiku, hakuna anayeniuliza, nahesabu peke yangu.
Nafika saba, napotea.
Tisa, napotea.
Theluji inaporomoka kutoka paani, puu.
Moja.